Chatu wa Wizara na Baridi ya Mheshimiwa

Wizara ya Viwanja na Vibali iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kuundwa kwa Kurugenzi ya Joto na Unyevu. Kurugenzi hiyo ilikabidhiwa jukumu moja zito: kuhakikisha kwamba chatu aliyeletwa na balozi wa nchi rafiki, kama zawadi ya udugu, anaishi kwa raha na hadhi inayolingana na uhusiano wa mataifa haya mawili. Wananchi waliokuwa kwenye foleni ya vibali ukumbini walipiga makofi, maana waliambiwa wapige.

Mkurugenzi aliyeteuliwa alikuwa bwana mpole, mwenye kitambi cha heshima, ambaye maisha yake yote ya kazi alishughulikia mipaka ya makaburi. Nyoka alikuwa amewaona mara chache, tena akikimbia. Lakini cheo hakikataliwi. Alikwenda akasoma, na kwa kweli mambo yakamwingia. Akajua kwamba chatu hana joto lake mwenyewe, hulitafuta nje. Akajua kwamba banda lake lazima liwe na upande wa joto na upande uliopoa kidogo, ahamie anakotaka. Na kwamba hewa ikiwa kavu, ngozi yake haivuki sawasawa, hubaki vipande vipande mpaka machoni. Nyoka aliyepoa hali chakula, hachangamki, hudhoofu tu mpaka basi.

Banda lenyewe lilikuwa la kupigiwa mfano: chumba kizima cha kioo katikati ya ukumbi, chenye mlango, tundu la kulishia na bendera mbili. Kilichokosekana ni taa ya joto na mashine ya unyevu, ambazo zilikuwa kwenye mchakato. Na jengo zima lilikuwa baridi kama jokofu, kwa sababu Mheshimiwa Waziri alipenda kuvaa suti ya sufu yenye kizibao ndani, na kiyoyozi kilitakiwa kuiheshimu. Makarani walifanya kazi wamevaa makoti. Mmoja alikuja na blanketi.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alimwambia siku ya kwanza, "chatu anahitaji nyuzi thelathini na mbili. Tukipunguza hiki kiyoyozi kidogo tu..."

"Unataka nitoke jasho mbele ya wawekezaji?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ila huyu nyoka..."

"Mimi nataka nikipita pale, kipimo kisome thelathini na mbili. Hilo ndilo agizo. Mengine utajua mwenyewe."

Agizo lilitekelezwa kwa weledi mkubwa. Kila asubuhi kabla ya ukaguzi, Mkurugenzi alikitia kipimajoto kwenye kikombe cha chai mpaka kikasoma inavyotakiwa, kisha akakitundika haraka ndani ya banda. Kipimo cha unyevu alikiviringisha kwenye kitambaa kibichi. Funika kombe mwanaharamu apite. Waziri alipita, akasoma, akapongeza. Katika historia ya utumishi wa umma hakuna vifaa vilivyowahi kutunzwa vile. Vilikunywa chai kuliko makarani. Chatu naye alijikunja kwenye kona, amefifia rangi, ngozi ya zamani imemganda kichwani.

Nyumbani, mke wa Mkurugenzi alimwona anachezea chakula.

"Baba watoto, huyo nyoka atakufa, na wewe watakuzika naye."

"Kipimo kinasoma vizuri, mama."

"Basi mlisheni kipimo."

Mkurugenzi aliogopa kupoteza kazi, hilo lilikuwa wazi, lakini pia alimhurumia yule mnyama, na huruma hiyo ilimsumbua kuliko alivyotegemea. Balozi alikuwa anakuja Alhamisi kuiona zawadi yake. Akiikuta imekufa, angehitajika mtu wa kulaumiwa, na Mkurugenzi alijua nani hafai kulaumiwa.

Alhamisi asubuhi alifika na chai yake, akakuta mlango wa banda uko wazi na chatu hayupo. Jana yake, kikombe mkono mmoja na kipimo mkono mwingine, alisahau kupiga komeo. Maji yalimfika shingoni. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya makabati, chooni, huku akiwatabasamia watu wa foleni ili wasishtuke. Chooni alitabasamu peke yake.

Alimpata ofisini kwa Waziri. Mheshimiwa alikuwa ametoka muda ule kumpokea mgeni getini, baada ya kusinzia kitini tangu afike, na kiti kile ndicho kilichokuwa kitu pekee chenye joto katika jengo lote. Chatu alikuwa amejiviringisha pale, ametulia kama mwenye nyumba. Kabla Mkurugenzi hajafungua mdomo, mlango ukafunguliwa, akaingia balozi na Waziri nyuma yake.

Balozi alishika kifua. Machozi yalimlengalenga.

"Mmempa kiti cha Waziri!"

Waziri alimtazama chatu. Chatu akamtazama Waziri.

"Kwa marafiki," Waziri akasema, akimeza mate, "sisi hatubani."

"Na atakaa hapa siku zote?"

"Hapa hapa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," balozi akasema. "Lakini mbona pana baridi hivi, Mheshimiwa? Mtamuua."

Kiyoyozi cha ofisi ile kikazimwa, madirisha yakafunguliwa, jua likaingia. Sinia la maji likawekwa karibu na kiti. Ikabainika kwamba joto lilikuwepo nje muda wote, bure.

Ikabaki hoja ya Waziri mwenyewe. Kwa mujibu wa itifaki, Waziri hawezi kuketi chumba kimoja na mtu wa cheo cha chini, na vyumba vyote vilikuwa na watu wa cheo cha chini. Chumba kimoja tu kilikuwa kitupu, chenye mlango na bendera. Meza ikateremshwa.

Wiki hiyohiyo mchakato ukakamilika: taa na mashine vikaja. Fundi aliambiwa hali imebadilika. "Mimi nimeandikiwa banda la kioo," akasema, akavifunga humo, akaondoka. Mkurugenzi alikuwa ameapa kutorudia tena uongo wa chai. Akawasha. Kipimo kikapanda polepole na kwa haki mpaka thelathini na mbili.

Watu wa foleni walikaribia kioo. Miaka yote waliambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni.

"Kumbe yupo!" akasema bibi mmoja aliyekuwa akifuatilia kibali cha kujenga tangu wajukuu zake hawajazaliwa. Akapenyeza karatasi kwenye tundu la kulishia. Waziri aligeuka kumtafuta katibu wa kumkinga, hakumwona. Akatia saini. Ikaja karatasi nyingine, na nyingine. Koti likavuliwa, tai ikafuata. Foleni ilisogea, jambo ambalo baadhi ya wananchi walilichukulia kama tetemeko.

Juu, ofisini, chatu alivua ngozi yake nzima, bila kuacha kipande.

Saa za mchana Waziri aliweka mdomo kwenye tundu. "Mkurugenzi! Zima hii taa!"

Mkono wa Mkurugenzi ulikwenda kwenye swichi wenyewe, kwa mazoea. Bibi akaushika.

"Mwanangu, usiizime. Huoni ndiyo kwanza ameanza kuchangamka?"

Mkurugenzi akaitazama foleni, akakitazama kipimo, akamwongezea unyevu.