Gauni la Kwanza Hutolewa

Jumatatu, 4 Mei. Motueka.
Limekwisha! Miezi saba ya kusuka majani ya harakeke, katani ya huku kwetu, vidole vyote vimechubuka. Mkia mita nne. Mabega mapana hata mlangoni halipiti ila kwa ubavu. Nimeliita Malkia wa Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Wiki ijayo linakwenda Wellington, kwenye mashindano ya dunia ya mavazi ya sanaa. Shemeji yangu Glenys, dada wa mke wangu, ameshapandisha mavazi yake jukwaa lile mara mbili, na kila Jumapili mezani hatupumui kwa majigambo yake. Mwaka huu ni zamu yangu mimi, Selwyn Pocock, mstaafu wa kufungasha matufaha. Atanyamaza!

Jumatano, 6 Mei.
Balaa. Nililipeleka darasani nisifiwe. Whaea Mereana, mwalimu wetu wa kusuka, akalizunguka mara mbili, akasema kazi nzuri, akauliza nitampa nani. Kumpa? Akanikumbusha: kitu cha kwanza unachosuka hutolewa, ndiyo desturi ya wasukaji. Nikasema cha kwanza kilikuwa kikapu. Akauliza, kile ulichokitupa kabla hujakimaliza, bwana? Darasa zima likaangua kicheko, na Glenys, anayesoma nasi, kuwapita wote. Wenzangu walianza na vikapu vya viazi. Mimi nilianza na gauni la mita nne.

Alhamisi, 7 Mei.
Akili imefunguka wakati wa kunyoa. Desturi inasema nitoe. Haisemi apewaye akubali! Nitampa Glenys mbele ya watu. Yule kwa kiburi chake hata chumvi haombi. Atakataa, nitakuwa nimetimiza, gauni litabaki langu. Nimemweleza mke wangu Noeline. Kasema si ningesuka kingine tu, nipeleke mwakani. Noeline hana jicho la mikakati.

Jumamosi, 9 Mei.
Kakubali! Kwa mikono miwili! Kalia mpaka miwani ikaloa. Kasema, shemeji, miaka thelathini unanichokoza, kumbe moyoni una haya yote? Whaea naye akafuta machozi. Nikapewa ndoo ya matunda ya feijoa, kana kwamba mwezi huu kuna mtu Motueka aliyekosa feijoa. Gauni limeondoka juu ya gari lake, mkia ukipepea. Nami nilitokwa na machozi. Watu wakadhani ni upendo.

Ijumaa, 15 Mei.
Jirani kamwona Glenys kwa wasafirishaji na sanduku kubwa kama jeneza. Limeandikwa Wellington. Limeandikwa Malkia wa Mikunga! Mwizi! Apande jukwaani kwa jasho langu? Nikachukua karatasi nikawaandikia waandaaji kwamba gauni hilo halikusukwa na mwenye jina kwenye fomu. Jina langu sikuweka. Nimesaini Mpenda Haki. Barua imeondoka kwa posta ya saa nane, na nimekula vipande vitatu vya keki.

Jumatano, 27 Mei.
Sijui niandikeje.
Glenys kaja macho mekundu. Kumbe alitaka kunifurahisha kwa ghafla. Kasema kitu akishapewa ni chake, na yeye kaamua kiende jukwaani kwa jina la aliyekisuka. Fomu aliijaza kwa jina langu. Simu tu ndiyo aliweka yake, nisishtukie. Na lilichaguliwa. Lilichaguliwa! Kisha mbwa mmoja kaandika barua, na waandaaji wameliweka kando. Mwandishi akijitokeza kabla ya Jumatatu na kufuta maneno yake, litarudishwa jukwaani. Glenys kaapa akimpata huyo Mpenda Haki atamnyonga kwa mkia wa gauni. Nikasema nitamshikia miguu.

Noeline akaisoma nakala ya barua ambayo Glenys alitumiwa na waandaaji. Akaitazama orodha ya dukani niliyoandika asubuhi. Akaitazama barua tena. Akaendelea kukatakata feijoa.

Alhamisi, 28 Mei.
Ni simu moja tu. Nimeinua mkono wa simu mara nne. Kukiri kwa Wellington naweza, ni mbali. Lakini Glenys atajua, maana watampigia yeye. Kaleta feijoa nyingine, kasema familia lazima ishikamane. Nimekula sita bila kuhisi ladha. Naona aibu kweli.

Ijumaa, 29 Mei.
Nimepata wazo! Sijui kwa nini sikuliona mapema. Nimewaandikia waandaaji wasimsikilize kabisa huyo Mpenda Haki, ni mwongo anayejulikana mji mzima, tena hana hata aibu. Malkia ataokoka, Glenys hatajua, mimi nitapiga makofi safu ya mbele. Noeline kaniona nikilamba bahasha, akatoka nje kuanika nguo. Hakuna hatari. Jina langu sikuweka. Nimesaini Mpenda Kweli, na safari hii nimeandika kwa mkono wa kushoto.