Siku Moja Nyuma ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: kiongozi wa waandishi wa programu atatajwa Ijumaa. Ni mimi au yule kijana ninayemwita Miwani. Miwani kaajiriwa juzi tu, tayari bosi anamwita mwanangu. Mimi miaka sita, naitwa wewe. Roho inaniuma, sikatai.

Mtihani wetu ni tovuti ya kliniki ya macho. Tarehe za wagonjwa zimeandikwa ovyo. Zote ziwe maandishi ya mtindo mmoja: mwaka, mwezi, siku.

Jumanne, 4 Machi
Miwani alipokwenda kunywa chai, nikachungulia kazi yake. Mistari arobaini! Kompyuta ina amri moja inayofanya yote hayo. Nikaiandika, nikaipandisha kwenye tovuti kabla hajarudi. Kujaribu sikujaribu, muda wenyewe uko wapi.

Miwani akauliza kama nimeangalia suala la saa. Nikamjibu kwamba tarehe ni tarehe, saa ni saa. Akaguna. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Wagonjwa wa kesho wamejaa kliniki leo. Ujumbe wa simu unaotumwa na tovuti uliwaambia tarehe tano badala ya sita. Mmojawao ni mama mzazi wa bosi. Kashinda kwenye benchi, mkoba mapajani.

Miwani akaeleza mbele ya ofisi nzima, kwa upole wa kukera. Eti amri yangu hugeuza kwanza saa zetu kuwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma kwa saa tatu. Tarehe isiyo na saa huhesabiwa kuanzia siku inapoanza hapa, saa sita usiku, na kule bado ni jana. Bosi kamwita mwanangu mara mbili. Nilihesabu.

Alhamisi, 6 Machi
Sikwenda kazini. Nimemwambia mke wangu naumwa. Akasema ugonjwa huo anaujua, unavaa miwani.

Mchana Miwani kapiga simu. Kasema zile tarehe ameshazi... nikakata. Sina haja ya kusimangwa kitandani kwangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika kabla ya wote. Dawa nimeipata: siku moja inapungua, basi naongeza siku moja. Mstari mmoja tu. Ujumbe wa wagonjwa wa Jumatatu umeshatoka, mama yake bosi akiwemo. Kikombe changu nimeshakihamishia kwenye meza ya kiongozi, pale dirishani.

Bosi kaingia, simu mkononi. Anauliza nani kamwambia mama yake aje Jumanne, wakati Miwani alishatengeneza kila kitu jana.

Alitengeneza bila kuniambia. Huyu Miwani, wivu utamuua.