Foleni ya Wenye Mhuri

Mtaa mzima ulimjua Mipango. Aliwahi kumuuzia fundi seremala msumeno wa fundi huyohuyo, na fundi akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Mtu mmoja tu duniani aliyemwamini bila masharti alikuwa binti yake wa miaka sita, na huyo ndiye aliyemwamsha alfajiri siku ya punguzo la sikukuu.

"Baba, leo utaniletea mdoli?"

"Nisipomleta, usiniite baba."

Mdoli mwenyewe ni yule anayekoroma. Ukimlaza chali anafumba macho, kisha anaanza kukoroma kama mlinzi aliye zamu. Mji ulikuwa umepagawa naye, utadhani majumbani mwao hakuna wakoromaji wa bure. Maduka yote yalikuwa yameishiwa. Lilikuwa limebaki duka kubwa moja tu, nalo lilitangaza kwamba midoli michache iliyosalia ingeuzwa asubuhi hiyo kwa nusu bei. Sikukuu iliyopita Mipango alimwahidi mtoto baiskeli, akarudi na hadithi ya baiskeli. Mtoto aliipenda hadithi. Mke hakuipenda, na safari hii alimsindikiza mlangoni kwa maneno machache.

"Hadithi ziache hukohuko, Baba Nanihii. Rudi na mdoli."

Basi kwa mara ya kwanza maishani Mipango alipanga foleni kama binadamu wengine, tena akawa wa kwanza. Nyuma yake alisimama dada mshona nguo, na nyuma ya mshona nguo msururu ukakata kona. Angetulia pale, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini katikati ya msururu alikuwapo bwana mmoja mwenye tai, analalamika ili asikike.

"Hivi kweli hakuna mlango mwingine? Mtu kama mimi nisukumane na kila mtu?"

Mipango alisikia maneno hayo na viganja vikamwasha. Alijikumbusha mtoto. Alijikumbusha mke. Halafu akavua kofia, akaiweka chini kushika nafasi yake, kwani sheria ya foleni inajulikana: kofia ikiwepo, mwenyewe yupo.

"Dada, nilindie. Nakuja sasa hivi."

"Haya kaka, ila usikawie," alisema mshona nguo.

Mfukoni alikuwa na kitambulisho cha semina ya ufugaji wa kuku. Akakivaa shingoni, upande wa kuku ukiangalia kifua, akamsogelea bwana mwenye tai.

"Mheshimiwa, mbona unajichosha? Watu wa hadhi yako wanapokelewa mlango wa nyuma. Kuna ada ndogo tu ya usumbufu."

"Usumbufu wa nani?"

"Wako, mheshimiwa. Unalipia usiupate."

Bwana mwenye tai aliona hoja ina akili. Akalipa, na Mipango akampiga mhuri mkononi kwa kizibo cha soda alichokipaka wino wa kalamu iliyovuja. Kisha akamsihi asimwambie mtu, ambayo ndiyo njia ya uhakika ya kulitangaza jambo. Haikuchukua muda, nyuma ya duka kukawa na foleni nzuri kuliko ya mbele: watu wametulia, wananong'ona, kila mmoja anaukagua mhuri wake kwa fahari. Hakuna anayesukuma mwenzake pale anapodhani kila mwenzake ni mkubwa.

Mfuko ulipotuna, Mipango akaona ni wakati wa kupotea. Akamkabidhi bwana mwenye tai kizibo.

"Mheshimiwa, wewe una sura ya uongozi. Nishikie mhuri kidogo, nakwenda kumwita meneja."

Bwana yule akanyoosha tai. Mipango akarudi mbele anapiga mluzi, na hapo mluzi ukamfia mdomoni. Kofia ilikuwepo. Mshona nguo alikuwepo. Watu wengine hawakuwepo.

"Nafasi yako nimeilinda, kaka," alisema mshona nguo, "ila foleni imehamia nyuma."

Meneja, masikini, alikuwa amechungulia dirishani akaona kule nyuma watu wastaarabu wenye mihuri. "Makao makuu wameleta utaratibu mpya bila kutuambia, kama kawaida yao," alisema, akaamuru mlango wa nyuma ufunguliwe. Mlinzi alikuja mbele kufunga mlango kwa kufuli.

"Mauzo ni nyuma. Wenye mhuri tu."

"Mhuri gani?" aliuliza Mipango, na safari hii hofu haikuwa ya kuigiza.

"Wa duara, una meno pembeni. Usijifanye huujui."

Wakakimbia wote wawili. Mshona nguo alikuwa na mbio zaidi, akalipa, akagongwa mhuri, akaingia. Mipango akafika anahema.

"Mheshimiwa, ni mimi! Mimi ndiye niliyekupa huo mhuri."

"Basi unajua utaratibu," alijibu bwana mwenye tai. "Ada kwanza."

Mipango alilipa. Wino haujakauka mkononi, mlinzi akatangaza kwamba midoli imekwisha. Wa mwisho alikuwa kwapani mwa mshona nguo.

"Dada, niuzie. Binti yangu ananisubiri."

"Na wangu pia, kaka," alisema kwa upole. "Kwani wewe si ulikuwa wa kwanza?"

Swali hilo lilimuuma kuliko tusi. Akakaa juu ya kreti tupu, akifikiria mlango wa nyumba yake na macho ya mtoto nyuma ya mlango ule. Bwana mwenye tai akamsogelea na midoli miwili aliyoinunua mlango wa nyuma ulipofunguliwa tu.

"Huyu mmoja ni wa ziada," alisema. "Bei ya duka, pamoja na ada ya usumbufu."

Mipango hakuuliza usumbufu wa nani. Alitoa pesa zote alizokusanya asubuhi ile, akaongeza zake, na bwana yule akatazama saa yake ya mkononi mpaka nayo ikavuliwa.

Nyumbani, binti alimlaza mdoli kitandani, mdoli akakoroma, mtoto akapiga makofi. Mke aligeuza boksi mara mbili kutafuta kasoro, akaikosa, akaenda kumchemshia mume maji ya kuoga. Mtoto akapanda magotini.

"Baba, foleni ilikuwa ndefu?"

Mipango alifungua kinywa kutunga hadithi, lakini alikuwa amechoka mno kutunga.

"Zilikuwa mbili, mwanangu. Zote nilizianzisha mimi, na sikupata kitu hata kwenye moja."

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo.

"Baba," alisema, "leo ndiyo umeongopa kweli."