Robo Saa kwa Kila Nyonga

Jumatatu, 5 Julai 1954. Nyamwaga.

Leo nimefungua rasmi. Chumba kimekandikwa udongo upya. Kitanda cha kamba kipo, mafuta yapo, na juu ya kigoda, mahali pa heshima, ipo saa yangu ya mezani yenye kengele. Huku hakuna mwingine mwenye saa kama hiyo. Hata katekista huja kuniuliza.

Mpango wangu: mgonjwa wa mgongo, wa goti au wa nyonga, kila mmoja robo saa. Kengele ikilia, nje. Anayefuata, ndani. Ndivyo Mzungu wa hospitali ya jeshi alivyokuwa akiwakanda askari waliorudi vitani. Mimi Filemoni Mniko nilikuwa mfagizi wa chumba kile. Mikono ilishika ufagio, macho yalikuwa shuleni.

Mama Bhoke, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, humkanda mtu mmoja tangu adhuhuri hadi ng'ombe warudi. Samli ya moto, maongezi, uji. Namwonea huruma.

Sasa habari kubwa. Mzee Nyangwine amebanwa nyonga tangu mvua za mwaka juzi. Jumamosi ng'ombe wa mahari ya binti yake Felista wanafika kutoka Busawe. Baba mwenye binti lazima aingie zizini kwa miguu yake, awapitie ng'ombe mmoja mmoja, akatae asiowataka. Akikaa kitini, wakwe watampenyezea mizoga inayotembea. Na ng'ombe hao ndio watakaomwolea mke mwanawe wa kiume. Ametangaza kwamba atakayemsimamisha vizuri atakuwa mkandaji wa mlima wetu mzima. Huyo ni mimi. Nisipokuwa mimi, narudi kumchungia kaka yangu ng'ombe, mimi niliyevaa buti za jeshi!

Jumanne, 6 Julai.

Mzee Nyangwine amekuja na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akauliza hali ya mama yangu. Akauliza ng'ombe wa kaka yangu, kisha, peke yake, yule aliyevunjika pembe. Akaingia kwenye habari za mvua. Nilikuwa nimesimama, mikono inachuruzika mafuta, najibu kwa adabu. Nani ataigusa nyonga ya mzee ambaye hajamaliza kusalimia?

Alipoanza kufungua shuka, kengele ikalia. Nikamtoa. Sheria ni sheria. Mzee akaitazama saa, akanitazama, akauliza kama ile kelele ndiyo dawa yenyewe.

Ameondoka akichechemea vilevile alivyokuja. Lakini ameondoka kwa wakati.

Jumatano, 7 Julai.

Sheria mpya: salamu zote nje. Mke wangu Agustina anakaa barazani, anasalimiana na wagonjwa kwa niaba yangu, anauliza habari za mama zao, ng'ombe wao na mvua zao. Mimi ndani ni kazi tu. Watu wameingia na kutoka mpaka kamba za kitanda zimelegea. Wapo waliolalamika kwamba hawakuusikia mkono. Hao hawajui mambo ya kisasa.

Agustina ameniambia haraka haraka haina baraka. Nimemjibu kwamba baraka ni kazi ya padri. Yangu ni nyonga.

Alhamisi, 8 Julai.

Aibu. Siyo yangu, ya saa.

Kitandani alikuwa Tomaso, mgonjwa wa mgongo. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Teresia, mama wa mke wake. Nilijua. Kila mtu anajua kwamba mkwe akimwona mama mkwe wake njiani huingia shambani mpaka mama apite. Lakini wao hawakuwa na saa, mimi ninayo! Robo yake ikiisha Tomaso anatokea mlango wa nyuma, mama anaingilia wa mbele, hawaonani hata kisogo.

Kengele ikagoma. Agustina akalitazama jua, akaona muda umepita, akamkaribisha Teresia ndani. Tomaso alikuwa kifua wazi, kiunoni ana kitambaa cha kuaibisha. Teresia akajifunika uso, akarudi kinyumenyume juu ya chungu cha mafuta. Tomaso akausahau mlango wa nyuma, akapita dirishani na fremu yake. Nilimwona akiuruka ua wa katani kwa mguu mmoja. Kwa hiyo mgongo umepona. Hakuna aliyenishukuru.

Wazee wameamua achinjwe mbuzi wa kuiondoa aibu hiyo, na mbuzi awe wangu. Wagonjwa wote wamehamia kwa Bhoke. Mzee Nyangwine ndiye wa kwanza.

Ijumaa, 9 Julai.

Nimekwenda kupeleleza. Nikajificha kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Bhoke, ukuta ni mwembamba, kila kitu kinasikika. Anamwuliza mzee habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Na wakati huo huo mikono inafanya kazi, tena mbali kabisa na nyonga! Mabegani. Mgongoni. Mguu wangu umekufa ganzi nikisubiri. Nyonga ameifikia pale tu mzee alipoacha kujibu na kuanza kukoroma.

Nimeligundua kosa lake. Mgonjwa akilala, atauonaje ufundi wa mkandaji?

Jumamosi, 10 Julai.

Nimewahi alfajiri. Mzee Nyangwine alikuwa mlangoni kwake, amenyooka. Kazi ya Bhoke, sikatai, lakini haikuwa imemaliziwa. Nikamwambia imebaki kidogo tu, dakika moja. Kabla hajajibu nimemwekea goti kiunoni na kuvuta.

Kiuno kikalia kama ukuni mkavu. Mzee akabaki ameinama kama anayetafuta sindano. Niliogopa, nakiri. Felista akalia. Bhoke akaitwa, akaniomba jambo moja tu, nikae mbali.

Wakwe wakafika na ng'ombe. Wakaambiwa wasubiri. Wakasema wana haraka, apokee mtu mwingine. Mzee akakataa kwa sauti kutoka ndani. Jua likapanda, jua likashuka, Bhoke anakanda tu. Alasiri mtamba mmoja mweusi, mwenye manyoya ya kung'aa, akalala chini. Kisha wa pili. Hawakuinuka. Walikuwa wagonjwa, wamelishwa chumvi na kunyweshwa maji mtoni mpaka matumbo yakajaa, ili wapendeze asubuhi moja!

Mzee akatoka ameshika fimbo, hakuiegemea. Akawapitia wote polepole, akawakataa wabovu mmoja mmoja mbele ya watu. Wakwe wameondoka kwenda kuleta wengine, vichwa chini. Felista amecheka mpaka akakaa.

Je, wale wabovu wangejulikana bila kungojewa? Na nani aliyewangojesha? Nimemweleza Mzee hivyo mbele ya wote. Akaniita mura, yaani kijana tu, akasema mkandaji wa mlima wote ni Bhoke, na mkono wangu usimguse tena mtu yeyote.

Jumapili, 11 Julai.

Sikwenda kanisani. Nimeyatafakari maneno ya Mzee na nimeona yana hekima. Watu hawafai kwa tiba ya kisasa. Wanaongea mno.

Lakini maksai! Wanavuta plau msimu mzima, mabega yanawauma, na hakuna anayewakanda. Jirani yangu Heche amekubali nianze na maksai wake. Amenionya kwamba yule mkubwa hupiga mateke akiguswa nyuma.

Kesho asubuhi naanza. Nitaanzia nyuma, ndiko kunakookoa muda.