Nilivyokula Mgebuka wa Mtani

Jamani, leo nimeaibika. Na aibu yenyewe nimeibeba kichwani mwenyewe, mchana kweupe, kuanzia mgahawani kwa Mama Suzi mpaka mwisho wa mtaa.

Ilikuwa hivi. Leo jioni nilitakiwa kutambulishwa kwa baba yake Anastazia, mchumba wangu. Mzee anaishi kijijini huko Ufipa, hatujawahi kuonana. Picha yake niliyoonyeshwa ni ya ujana, ana afro kubwa na suruali ya bugaluu. Kila kitu kilikuwa kinategemea leo. Anastazia alishanionya, "Baba akikataa, amekataa. Hata shangazi hawezi kumgeuza." Basi la mzee linafika saa kumi, mimi nafika kwa shangazi yake, anakoishi Anastazia, saa kumi na moja, nimenyooka, nina adabu.

Na sisi Wanyamwezi mkwe si mtu wa kuchezea. Humtanii, huli naye ovyo, mkikutana njiani unampisha. Bibi yangu alikuwa akimwona mkwe wake kwa mbali, anaingia kichakani. (Leo ningeshukuru hata kichaka kidogo.)

Mchana wakanipigia Jofrey na Zawadi, marafiki zangu tangu sekondari. Jofrey ana bodaboda, Zawadi anasuka nywele. "Kulwa, njoo ule kwanza, usije ukazimia mbele za watu!" Nikaenda kwa Mama Suzi, huku huku mtaani kwetu Nsemulwa, nikiwa nimeshavaa shati jeupe la jioni. Nilikuwa nimelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. (Nilitaka wanisifie. Wakanisifia. Hapo ndipo nilipoanza kujisahau.)

Kwa Mama Suzi watu wanafuata mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Anamkaanga, halafu anamrudisha kwenye rosti ya nyanya. Nikaagiza ugali na mgebuka.

"Mgebuka ameisha, baba," akasema Mama Suzi. "Wa mwisho nimempa yule."

Akanionyesha kwa mdomo. Meza ya jirani amekaa mzee mmoja, kipara kinang'aa, pembeni yake kiroba cha maharage na jogoo aliyefungwa miguu. Anaongea na simu. Nikatega sikio. Kifipa! Lugha hiyo nimeshaizoea kwa Anastazia.

Sasa, kwa asiyejua: Mfipa na Mnyamwezi ni watani, na sisi huwa tunawatania kwamba ni wachawi, wanasafiri kwa ungo. Mtani unaweza kumsema mpaka msibani. Unaweza kumchukulia chakula mbele yake, na akikasirika mwenye makosa ni yeye.

(Ndiyo, najua. Mfipa, mzee, ana mizigo, siku hiyo hiyo. Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nilikuwa nawaza samaki. Halafu basi lilikuwa bado, na mzee wa kwenye picha ana nywele!)

Nikasimama, nikaenda mezani kwake. Shikamoo kwanza, sikukosa malezi.

"Marahaba," akajibu.

"Mzee, mimi Mnyamwezi."

Akaniangalia taratibu. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu samaki amefika kwa mwenyewe. Halafu ungo uliokuja nao umeupaki wapi? Usije ukawa umezibia bajaji njia."

Mgahawa mzima ukapasuka kwa kicheko! Nikavuta sahani yake, nikamega ubavu mnene, nikautia mdomoni huku namwangalia usoni. Mzee akaangalia sahani, akaniangalia mimi. Kisha akacheka mpaka akatoa leso kufuta machozi.

"Leo nimekamatwa! Tena na Mnyamwezi wa shati jeupe! Kaa, mtani, kaa."

Nikakaa. Nikanawa mkono wa pili, maana kazi ilikuwa imeanza.

"Na hilo shati?" akauliza. "Unaoa?"

"Bado, mzee. Jioni naenda kumwona baba mkwe. Mfipa mwenzako."

"Ahaa. Ni mtu wa namna gani?"

"Simjui. Ila nasikia ana roho ngumu kama jiwe la kusagia. Akikohoa tu, kijiji kizima kinakaa sawa."

"Na wewe utamfanyaje?"

"Wazee wa Kifipa mbona rahisi? Unainamisha kichwa, unaitikia kila anachosema, ukitoka nje unacheka."

Zawadi akaanza kunikonyeza kutoka meza yetu. Nikajua ananipongeza. Nikaongeza sauti.

"Huyo binti anaitwa nani?" mzee akauliza.

"Anastazia."

Mzee akanywa maji. Akanywa tena. Halafu akanisogezea sahani yote. "Kula, kijana. Maliza kabisa." (Nikawaza, kumbe Wafipa wana roho nzuri namna hii!)

Nilipolamba kidole cha mwisho, akasimama.

"Haya, mtani. Umekula cha Mfipa. Na nyie Wanyamwezi kazi yenu tangu enzi za mababu inajulikana, upagazi." Akanionyesha kiroba. "Beba!"

Watu wakapiga makofi. Utani ni kupokezana, huwezi kula halafu ukakataa kubeba. Jofrey akajaribu kunitetea, "Mzee, nipakie mimi kwenye pikipiki." Mzee akamjibu, "Pikipiki haijala samaki wangu."

Kiroba kichwani, jogoo kwapani, safari ikaanza. Mzee nyuma yangu, mikono ameiweka mgongoni, anawatangazia wenye maduka, "Njooni muone Mnyamwezi niliyemwokota!" Na mimi, kwa kiherehere changu, nikawa nacheza! Nakata kiuno na kiroba kichwani, wamama wananishangilia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Jogoo akajisaidia kwenye shati, nikacheka. Nikasema nitabadilisha, muda bado upo.

Tulipofika kwenye mashine ya kusaga, mzee akasema, "Kata kushoto."

Nikakata. Mtaa huo naujua.

"Tena kushoto."

Huo naujua zaidi. Nikaacha kucheza.

"Hapo kwenye geti la bluu."

Nikasimama mbele ya geti. "Mzee," nikasema, sauti imekuwa ya kifaranga, "hapa... unamfahamu mtu?"

"Ni kwa dada yangu."

Sikugonga. Geti lilifunguka lenyewe, akatoka Anastazia, ana kanga kifuani na kichwa nusu kimechanwa. Akaliangalia shati. Akamwangalia jogoo. Akakiangalia kiroba. Halafu akatazama nyuma yangu, macho yakamtoka.

"Baba! Mbona umewahi hivi?"

"Nilipata lifti ya lori la mahindi. Nikaona nile kwanza, nisije kwa watu na njaa." Akanigusa bega. "Mizigo ameniletea mtani wangu."

Kiroba hakikuanguka. Nilianguka mimi. Nilipiga magoti pale getini, maharage bado yapo kichwani. Kamba ya jogoo ikafunguka, akachomoka akaingia uani.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Ulishaniamkia."

Shangazi akatoka mbio. "Jamani, nani huyu amepiga magoti getini?"

"Mwache," mzee akasema. "Ananionyesha anavyoinamisha kichwa."

Pikipiki ikasimama nyuma yetu. Jofrey na Zawadi! Zawadi alicheka mpaka akakaa chini vumbini. Anastazia hakucheka. Alikuwa anamwangalia baba yake tu, na hapo ndipo moyo wangu ulipouma kweli. Nilijua nimemharibia yeye.

Mzee akaniambia nitue mzigo, ninawe uso, nikae. Yeye akabaki amesimama.

"Vijana wanaokuja kwangu wote wamekariri," akasema. "Ndiyo baba, sawa baba. Wanaondoka sijui hata wakicheka wanachekaje. Huyu nimemwona akila, nimemwona akipayuka, nimemwona akibeba. Na amebeba mpaka mwisho, hajanuna." Akamgeukia Anastazia. "Unampenda?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mimi nimekubali."

Jamani! Shangazi akapiga vigelegele, Anastazia akalia, na mimi nikalia na shati langu lenye mavi ya kuku. Saa kumi na moja ilipofika hakukuwa na wa kutambulishwa. Mimi nilikuwa uani namkimbiza jogoo.

Wakati wa kuaga, mzee akanivuta pembeni. "Mimi nimekusamehe kwa sababu ya utani. Mama yake Anastazia ni Mpimbwe, na yule hataniwi na mtu. Anakuja wiki ijayo."

Mama mkwe simjui hata kwa picha. Mpaka atakapofika, ndugu zangu, nakula nyumbani, na mlango nimefunga.