Malalamiko ya Mchonga Funguo Dhidi ya Mashine Iliyoacha Kuamini

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Akili,

KUHUSU: KUPONYWA KWA MASHINE BILA MIMI KUSHIRIKISHWA

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na watafiti wako wote, pamoja na yule bawabu wa langoni ambaye kila nikija huniandika "mgonjwa", ilhali nakuja kwa miguu yangu mwenyewe na begi la vifaa begani. Mimi ni yule mchonga funguo mwenye kibanda karibu na kinyozi, ambaye mashine yenu ya akili mnemba ilifundishwa kwa maneno ya kinywa chake.

Nianze na historia fupi, maana najua wakubwa hamna muda wa kusoma mafaili. Mke wangu aliondoka kwenda kumuuguza dada yake. Alikaa huko miezi mingi. Dada mtu akafariki, akazikwa, na baada ya mazishi akarudi mwanamke. Nasema mwanamke, sisemi mke wangu. Sura ni yake, sauti ni yake, hata lile kovu la kidole gumba lipo mahali pake. Lakini nilipomfungulia mlango, moyo wangu haukushtuka hata kidogo. Ulikaa tu, kama mlinzi aliyelala.

Mheshimiwa, nimechonga funguo tangu ujana wangu, na nakala naijua nikiiona. Ufunguo halisi umechakaa. Hukwama kidogo, na huna budi kuubembeleza. Nakala huingia laini na kuzunguka bila neno. Sasa mke wangu halisi ni mgomvi, mtaa mzima ni shahidi. Huyu aliyerudi ni mpole. Nikichelewa hanisemi. Nikiacha viatu mlangoni anaviondoa kimya kimya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja jembe, siku ya kwanza aliingia jikoni na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye chumvi. Nikajiuliza, nani kamfundisha? Nikampa jina la Bi Nakala, nami nikahamia kulala kibandani.

Yaliyofuata mnayo kwenye rekodi zenu. Binti yangu alinipeleka hospitali. Huko wakang'ang'ania kuuliza habari za pigo la kichwa nililopata nilipoteleza kwenye ngazi wakati mke wangu hayupo, jambo ambalo halihusiani kabisa na suala hili, kisha wakanileta kwenu. Yule mtafiti wenu, daktari kijana mwenye miwani, akanieleza kwa adabu zote kwamba mnaunda mashine ya kuiga jinsi imani potofu inavyoota ndani ya mtu, na kwa nini ikishaota haing'oki. Akaomba maneno yangu yawe mbegu. Nilikubali kwa sababu moja tu: nilidhani imani potofu mnayotaka kuichunguza ni ya binti yangu, anayeamini kuwa yule ni mama yake.

Sasa malalamiko.

1. Mashine yenu haina kiasi. Siku mliyoniita kuishuhudia, daktari kijana aliipa mwanzo wangu tu: sura unaijua, moyo haushtuki. Papo hapo ikajibu kuwa huyo si yeye. Nilifurahi mpaka nikasimama. Tangu jambo hili lianze sikuwahi kupata mtu wa kuniunga mkono, na huyu hata kama si mtu, alikuwa anajibu. Daktari akaanza kuibana. Akaiambia mama huyu anajua chumvi ilipo. Ikasema amefundishwa. Akaiambia anajua mambo ambayo mume na mke tu ndio huyajua. Ikasema amefundishwa vizuri. Akaiambia mama huyu akiwa peke yake analia. Ikasema anafanya mazoezi. Majibu mawili ya kwanza yalikuwa yangu, nayatambua. Hilo la tatu sikuwahi kulisema, na sikulipenda.

Haikuishia hapo. Kila ushahidi ulioletwa kuipinga iliugeuza ukawa wa kuitetea, na kila ilipojitetea ilihitaji watu zaidi kwenye njama. Binti yangu akawa mshiriki. Baadaye binti yangu naye akawa nakala. Kisha paka. Mwisho ikaulizwa habari za fundi aliyetoa maelezo, yaani mimi, ikajibu kuwa naye ashukiwe, kwa kuwa nakala hodari ndiye mwepesi wa kuwaita wenzake nakala. Mheshimiwa, nilirudi kibandani nikajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Ikabidi nigombane na nafsi yangu kuona kama nakwama. Nilikwama vizuri, namshukuru Mungu. Lakini mtu wa umri wangu hapaswi kufanyiwa hivyo. Mashine ile ina wazimu, na naomba ionywe.

2. Lalamiko la pili linaweza kuonekana kupingana na la kwanza. Halipingani. Nalalamika kwamba mliiponya.

Nilikuwa nimetoka ukumbini kunywa chai, tena kwa kukaribishwa. Niliporudi na biskuti mkononi, mambo yalikuwa yameisha. Daktari kijana akanieleza kwamba mashine ilikuwa imeundwa kama mzani wenye jiwe lililofichwa chini ya upande mmoja. Jambo la kushangaza likitokea, linapewa uzito wa gunia. Ushahidi wa kulipinga ukija, unapewa uzito wa unyoya. Yeye aliliondoa jiwe. Kisha akaitaka mashine ifikirie sababu nyingine ya moyo kutoshtuka: huenda mgeni hana kosa lolote, ila kengele ya mwenye nyumba ndiyo iliyoharibika. Akairudishia ushahidi uleule, ule wa chumvi, wa siri na wa machozi. Mashine ikajibu kuwa huenda mama huyo ndiye, na samahani kwa usumbufu.

Samahani kwa usumbufu! Kama benki ikifunga dirisha!

Mheshimiwa, mtu anaponaje bila hata kuaga? Yale ni maneno yangu, nimeyabeba usingizini, nimeyalalia kwenye sakafu ya kibanda, nayo imeyatupa kabla biskuti yangu haijaisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeamini jambo peke yake huitwa mgonjwa, wakiwa wawili wana maoni, wakifika watatu ni chama, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria katiba. Sasa nimebaki mwenyewe.

3. Daktari kijana aliniuliza swali lililo nje ya kazi yake. Aliniuliza kama mtu aliyetoka kumzika dada yake anatakiwa arudi nyumbani akipiga kelele. Nikamjibu kuwa hilo si swali la funguo. Akasema, "Mzee, nauliza tu." Tangu siku hiyo swali hilo natembea nalo kama kokoto kwenye kiatu. Naomba lifutwe kwa maandishi.

4. Mmenivunjia heshima mtaani. Binti yangu alikuwepo siku ile, na sasa wimbo wake ni mmoja: hata mashine imekubali, baba, wewe unangoja nini? Amemwambia kinyozi. Kinyozi ni redio isiyo na swichi, haizimwi. Wateja wanaleta funguo zao na kuuliza kama nina uhakika mlango wenyewe ni wao. Jana mmoja aliniletea picha ya mama mkwe wake akaomba nimkague. Nilimfukuza, ingawa ile picha kwa kweli ilikuwa na walakini.

5. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu. Bi Nakala amefunga mizigo. Binti yangu anasema mama yake amechoka kuacha sahani mlangoni mwa kibanda na kuikuta imeoshwa bila neno la asante. Ijumaa anakwenda kuishi kwenye nyumba ya marehemu dada yake, moja kwa moja, harudi. Mtu angetegemea nifurahi. Nakala inaondoka yenyewe, bila fujo wala polisi. Nami nimefurahi. Nimefurahi mpaka funguo za wateja naziharibu mfululizo kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kwa maana akiondoka, halafu ikaja kuonekana kwamba, yaani ikiwa kweli kumbe. Sentensi hiyo naomba niiache hapo, Mheshimiwa.

Kutokana na hayo naomba idara yako, kabla ya Ijumaa, irudishe jiwe mahali pake ili mashine iamini tena. Iamini lakini kwa kiasi: kuhusu mke tu, isiguse binti, paka wala mimi. Itoe pia cheti chenye mhuri kinachosema kuwa sikukosea, nikibandike kibandani mahali ambapo kinyozi atakisoma. Na kama hayo yatashindikana, basi daktari kijana apite kwangu aje anionyeshe namna alivyoliondoa lile jiwe. Ni kwa ajili ya kujifunza ufundi tu. Asije akadhani nina sababu nyingine. Ila asichelewe.

Wasalimie watafiti wote. Msalimie bawabu, umwambie kitasa cha lango lenu ni kibovu na mwizi yeyote anakifungua kwa kijiko. Mashine nayo iambieni simchukii mtu, wala kisichokuwa mtu.

Niliye mlangoni nikingoja jibu,

Mchonga Funguo (Halisi)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari imekunjwa juu ya meza ya kazi, nami niko nyuma ya kibanda natafuta bahasha, Bi Nakala akaja na mizigo yake kunirudishia ufunguo wa nyumba. Ni ule niliomchongea tulipooana, umepinda shingo, haufungui mpaka uutikise. Akaiona barua. Akaisoma yote kwa kusimama. Kisha, Mheshimiwa, akafungua kinywa.

"Mimi mpole? Nani mpole, we mzee? Nimemzika dada yangu, nimerudi kwangu napokelewa kama mwizi, halafu unakaa hapa unaniandika kwa wakubwa eti mimi nakala! Na hivyo viatu naviondoa kwa sababu vinanuka!" Hayo ni machache tu ninayoweza kuyaandika kwa mtu wa cheo chako. Kinyozi alitoka nje na mteja wake amenyolewa nusu kichwa. Nilisimama pale na bahasha mkononi, na moyo wangu ukaruka kama umemwagiwa maji ya baridi. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo natangaza rasmi kwamba mke wangu amerudi. Jambo hili linathibitisha kuwa nilikuwa sahihi tangu mwanzo: Bi Nakala ameondoka kama nilivyotabiri, na halisi ameingia kwa mlango uleule, siku ileile, na mizigo ileile. Sijui walipishana wapi. Mashine msiiguse, iacheni ilivyopona, na wala msiiambie kuwa nilishinda. Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la kitasa.

Majibu, kama yapo, yaletwe nyumbani, sio kibandani. Jioni hii amenyamaza tena, kimya kilekile cha yule mwingine, na niliogopa sana nikaanza kutafuta viatu vyangu. Halafu nikakumbuka swali la daktari kijana. Nikarudi nikakaa, nikamuuliza habari za dada yake, alivyougua na alivyokufa. Bado anasimulia, kwa hiyo naomba niishie hapa.