Nejiba Aiteka Aya ya Kwanza

Tegeni masikio, enyi wana wa vitabu, na mwenye andazi mdomoni alimeze kwanza, maana haya ni makubwa: jinsi Nejiba binti Habib, simba jike wa ghorofa ya tatu, mtikisa kalamu, alivyoiteka aya ya kwanza ya insha yake mjini Sfax.

Adui alikuwa Profesa Ghorbel, mfunga madaftari, asomaye utangulizi tu. Ukimchosha huifunga kazi papo hapo, na mwenye kazi hurudia mwaka. Nejiba alikuwa amesharudia mara moja. Hakuwa na mwaka mwingine wa kuchezea, na aliogopa kwelikweli.

Akaketi jikoni, akaivamia karatasi: "Tangu Adamu alipokanyaga ardhi, binadamu amekula ngano..." Akavuka gharika, akawapita Mafirauni, akapambana na majeshi ya Roma penye malango ya Karthago. Kurasa tatu zikaanguka vitani, na mada yenyewe haijaonekana hata kwa mbali.

"We Nejiba, hiyo insha inahusu nini hasa?" akauliza mama yake, Bi Saluha, akichambua dengu.

Nejiba akasimama, akaushika mwiko kama upanga. "Ewe mama mzazi, chemchemi ya nguvu zangu! Nachunguza kwa nini watu wa mji huu hawatupi mkate jaani, bali huutundika nje kwenye mifuko!"

"Sasa Adamu kafuata nini humo? Hata nguo hakuwa nayo, huo mfuko angeutoa wapi?"

Mwiko ukagonga sahani, kipande cha mkate kikaanguka. Bi Saluha akainama huku akiguna kwa maumivu ya mgongo, akakiokota, akakibusu, akakiweka dirishani, kisha akarudia dengu zake.

Nejiba akaduwaa. Akazichana kurasa tatu, Adamu na Warumi wakaenda pamoja. Akaandika: "Mama yangu anaumwa mgongo, lakini mkate ukianguka huinama, akauokota na kuubusu. Kwa nini mji unaotupa kila kitu hauthubutu kutupa mkate? Nitaonyesha kwamba sababu si dini peke yake, bali pia kumbukumbu ya njaa."

Kesho yake Profesa akaisoma insha mbele ya Nejiba, mkono ukiwa tayari kwenye jalada. Akakohoa.

"Mama yako, mgongo bado?"

"Bado, Profesa."

"Mpe pole."

Basi andikeni, enyi watunza tarehe, kwa wino usiofutika: siku ile, saa nne na robo asubuhi, Profesa Ghorbel alifunua ukurasa wa pili.